Mwaka Nilipochora Watu Bila Nyuso

Tarehe kumi na mbili mwezi wa tano mwaka huu, siku ya Jumanne, Rashid alifariki akiwa amejilaza baada ya chai ya asubuhi, na kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa. Watu wake hawamcheleweshi maiti. Mimi nilipata habari nikiwa juu ya ngazi, nikipaka rangi ukuta wa duka la dawa za mifugo, na nilipofika Kiwanjani, mtaa wao, wanaume walikuwa wameshatoka makaburini na wananawa miguu kwenye mfereji. Nilivua viatu, nikaingia upande wa wanawake, nikakaa karibu na mlango pamoja na wageni wengine wa kanisani. Hakuna aliyelia kwa sauti. Walileta chai yenye tangawizi nyingi na kaimati kwenye sinia, na mwanamke aliyekuwa akimimina, ambaye simjui, aliviangalia vidole vyangu vyenye rangi, akauliza, "Wewe si ndiye wa zile katuni za ukumbi wa ngozi?" Nikasema ndiyo. Akainama karibu na sikio langu. "Ni ukweli ulichora mtu ambaye hakuwepo?" Wanawake wawili walioketi karibu waliacha kutafuna. Swali hilo nimeulizwa sokoni, nimeulizwa hospitalini nikiwa kwenye foleni, na kila mara Rashid alipokuwepo mimi nilimwangalia yeye na yeye akaniangalia mimi, na yule aliyeuliza akachoka akaenda. Siku hiyo pia niligeuza kichwa kumtafuta. Nilikuwa nimeshageuka ndipo nikakumbuka ni matanga ya nani.

Nimeona afadhali niandike mwaka ule jinsi ulivyokuwa, kwa sababu sasa nimebaki mimi tu niliyekuwa ukumbini na kazi ya kufanya. Wengine walikuja kusikiliza. Sisi wawili ndio tuliokuwa tunaangalia, au tulidhani tunaangalia.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu tuwe na kaunti. Mji wote ulikuwa unapakwa rangi, na mimi niliyeishia darasa la nane nilikuwa na kazi nyingi kuliko waliofika chuo, kwa sababu kila ofisi ilitaka bango na kila duka lilitaka kufanana na ofisi. Rashid alikuwa dereva wa lori la ukoo wao, kutoka hapa Isiolo mpaka Moyale na kurudi, na alikuwa msomaji wa vitabu kwa sababu ya kungoja mizigo. Yeye ndiye aliyeenda kuomba ufunguo wa ghala la zamani la ngozi, lile lililokuwa nyuma ya soko la mifugo, ili kila mwezi aite mtu aliyeandika kitabu aje asome mbele ya watu. "Wanapita hapa kwenda Marsabit wakiwa wamelala kwa gari," alisema. "Washuke, wanywe chai, tuwasikie." Akaniambia anataka nichore kila mkutano kama katuni, visanduku vya picha na viputo vya maneno, halafu atoe fotokopi tubandike mjini. Nilimuuliza kwa nini asipige picha. "Watu wangu wakiona kamera watatoka nje. Na ripoti nani atasoma? Lakini katuni, hata anayengoja kunyolewa atasoma."

Ghala lile lilikuwa refu na jembamba, kuta za mawe na paa la mabati. Juu kwenye mbao za paa zilibaki kulabu za chuma ambazo ngozi zilikuwa zinaning'inizwa, nyingi mno kuzing'oa, basi tuliziacha, na watu warefu waliinamisha vichwa wakipita chini yake ingawa zilikuwa mbali. Ngozi zilikuwa zimewekwa chumvi pale miaka mingi sana. Nilipaka kuta rangi ya krimu, nikapaka tena, na kila mara baada ya siku chache chumvi ilitokeza, madoa makubwa meupe yenye umbo la mnyama aliyetandazwa, shingo, miguu minne, kila kitu. Mvua ikinyesha harufu iliamka kutoka sakafuni. Haikuwa harufu ya uozo. Ilikuwa harufu ya zizi, ya kitu kinachopumua. Wageni kutoka Nairobi walidhani kuna mbuzi nje.

Katuni ya kwanza niliwachora watu wakiwa na macho, pua na vinywa, kama ninavyochora watu kwenye kuta za vinyozi. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina, ambaye familia nyingi za Kiwanjani zinamsikiliza, alikuja mpaka kwangu na karatasi mkononi. Hakuwa na hasira.

"Binti, ni wewe umeweka hii macho?"

"Ni mimi, mzee."

"Siku ya kiyama utaambiwa, haya, huyu mtu wako, mtie roho. Utamtia?"

"Siwezi, mzee."

"Basi usianze kitu hutaweza kumaliza."

Nilidhani kazi imeisha. Rashid akasema, "Acha nyuso tu. Vichwa viwe kama mayai. Mwili chora." Mzee alifikiri, akakubali, na tangu mkutano wa pili watu wangu wote hawakuwa na nyuso, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu sikutaka kuwatenga. Ajabu ni kwamba walijitambua hivyo hivyo. Karatasi ikibandikwa kwa kinyozi watu walijazana. "Huyu ni mimi, ona viatu." "Wewe Kananu, mbona umenipa tumbo?" "Hiyo tumbo ulikuja nayo." Kijana mmoja wa bodaboda alininunia wiki nzima kwa sababu nilimchora kichwa kimeangukia kifuani. "Sikuwa nimelala, nilikuwa naskiza na macho imefungwa." Walimu, mama wa maziwa ya ngamia, makarani wa kaunti, kila mtu alikuwa na namna yake ya kukaa, na namna hiyo haifanani na ya mwingine. Nilikaa mbele kando ya msomaji, juu ya debe la rangi nililoligeuza, nikiwaangalia watu. Nilianza kwa penseli, nikapitisha wino papo hapo. Nikiinuka kwenye debe, kazi imeisha. Kilichokuwepo nimekichora, na siongezi kitu nyumbani. Hiyo sikufundishwa na mtu wa vitabu. Ukiandika "nyama ya ngamia" kwenye ukuta wa bucha na ndani kuna mbuzi tu, wateja wanamgombeza mchoraji.

Jioni tulikula kwenye hoteli ya karibu na msikiti, anjera na mchuzi wa mbuzi, na Rashid akaandika maneno kwenye viputo huku akitafuna. Alikuwa na masikio makali. Alikumbuka alichosema mwandishi, na alichonong'ona mama wa nyuma, na aliyeuliza kama hicho kitabu kina dawa ya kupe. Kwenye meza za jirani watu wa malori waligombana kuhusu barabara, na wengine walitania, "Waria, Rashid, leo mumesoma mpaka wapi, kuna mtu ameoa?" Tulicheka sana mwaka ule. Nalisema hilo kwa sababu watu wanaosimulia habari hii siku hizi wanaisimulia kama kwamba tulikuwa tunaishi gizani.

Lakini kuna kitu kilichonitokea polepole, sikukiona. Kwa kuwa nyuso hazikuwa na kazi kwangu, niliacha kuziangalia. Kwanza ukumbini, halafu kila mahali. Niliwasalimia watu kwa viatu vyao. Niliijua mikono ya mwanamke aliyeniuzia mboga, lile kovu la kidole gumba, na siku moja aliponiuliza kama naona amekonda usoni sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa na uso wake wa zamani wa kulinganisha. Nilimwangalia kwa nguvu, na alipogeuka kupima viazi, uso ule nao ukatoka kichwani mwangu kama maji kwenye bati.

Mwezi wa mvua ndefu alikuja mwalimu mmoja aliyeandika hadithi za kambi za mifugo. Mvua ilianza alipofungua kitabu. Mabati yalipiga kelele mpaka akasimama, akapaza sauti kama mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na watu wakavuta viti mbele kukwepa paa lililokuwa linavuja. Mlango ulikuwa wazi. Harufu ilikuwa imeamka yote. Alikuwa anasoma kuhusu kijana anayeongea na ng'ombe wake wakati wa kiu, na nakumbuka ukumbi ulivyotulia, mpaka watoto. Nilichora safu ya mbele, nikachora kulabu za juu, nikachora safu ya nyuma, na kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango nikachora mwanamume aliyepandisha mguu wa kushoto juu ya goti la kulia, ameshika kifundo cha mguu kwa mkono, fimbo imelala mapajani. Amevaa viatu vya tairi. Ukanda wa kiatu cha kushoto umekatika na umefungwa kwa waya. Nakumbuka jinsi kalamu yangu ilivyozunguka ile waya, mara mbili na kuingia ndani. Waya naikumbuka mpaka leo. Mtu simkumbuki.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye ngazi nje ya bucha moja barabara ya Ngaremara, nikiandika herufi kubwa, sauti ikaja kutoka chini. "Salaam aleikum. Intala, shuka." Intala kwa lugha yao ni binti. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mzee, aliyejifunga shashi nyeusi kichwani, na mkononi alikuwa na karatasi yetu aliyoibandua ukutani mahali fulani, pembe zimechanika. Nilimwamkia, nikashuka. Aliweka ukucha juu ya yule mtu wa mlangoni.

"Huyu umemchora wapi?"

"Ukumbini, mama. Siku ya mvua."

"Hii ni Galgalo yangu." Alisema bila kupaza sauti. "Anakaa hivi tangu mtoto. Anashika hii mguu kama itakimbia."

Nilimwambia watu wengi hukaa hivyo. Akatikisa kichwa, akasogeza ukucha mpaka kwenye kiatu. "Hii waya ni mimi nilifunga. Siku alienda Biliqo. Nilikata kwa ua ya mbuzi, nikazungusha mara mbili, nikaingiza ndani isimchome. Nani mwingine alifunga hivi?" Halafu akacheka, cheko fupi la furaha, akanishika mkono wenye rangi akaubusu. "Asante, intala. Wananiambia amekufa." Akaenda zake. Mwenye bucha alikuja kuuliza kwa nini nimeacha neno katikati.

Rashid ndiye aliyenieleza. Galgalo alikuwa ameenda na ng'ombe upande wa Biliqo wakati wa ukame, kukatokea shambulio, na wenzake waliorudi walileta shuka yake na fimbo yake lakini hawakuleta mwili. Walisema walimwona akianguka. Wazee walikuwa wamepanga kumsalia na kutoa sadaka, na mkewe, Qabale, aanze kukaa eda. Mama yake alikuwa ameanza kukubali. Sasa mama alikuwa anatembea Kiwanjani nyumba kwa nyumba na karatasi yangu, akisema mwanawe yuko mjini, anasikiliza vitabu, labda ameumizwa kichwa na amesahau njia ya nyumbani.

"Ulimwona nani pale mlangoni?" nilimuuliza Rashid. Tulikuwa hotelini, chai yake ilikuwa imepoa.

Aliitazama karatasi, akagusa kile kiti cha mwisho. "Kananu, hiki kiti kimepasuka mguu. Nilikifunga na kamba ya katani nikakiweka mwisho, safu isionekane ina pengo. Hiki kiti hakikaliwi. Mimi mwenyewe nilijaribu, kikanibwaga."

"Labda aliingia mtu kukwepa mvua, akakaa kidogo tu."

"Labda," akasema. Kisha akasema, "Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni, Kananu. Muda wote."

Tangu hapo hatukupenda kukaa peke yetu mle ndani. Sikuwa nimeona kitu, na sikutaka kujifanya nimeona. Lakini nilipoenda kupaka yale madoa ya chumvi, nilifungua mlango wote, nikaweka redio, na sikukigeuzia mgongo kile kiti. Nilikuwa na aibu kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa na sikulelewa kuogopa viti.

Qabale alinijia nyumbani kwangu alasiri moja. Alikuwa wa umri wangu. Alikataa kukaa. "Hiyo fimbo umechora iko kwangu, nyuma ya mlango," alisema. "Mama mkwe anasema amekata ingine. Kiatu, sawa. Kukaa, sawa. Yeye ana jibu ya kila kitu." Alivuta pumzi. "Mimi si mke, si mjane. Nikicheka wananiangalia. Nikilia, mama anasema namlilia mtu yuko hai. Ndugu zangu Merti wananiita nirudi, siwezi kurudi, nitarudi kama nani? Kananu, sema tu hukumuona."

"Nikisema sikumwona nitakuwa nimedanganya."

"Basi ulimuona."

"Nikisema nilimwona, pia nitakuwa nimedanganya."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia bomba lililokauka. "Basi hiyo ukweli yako ni ya nini?" akasema, akatoka. Nimeishi na neno hilo. Nimejaribu kumjibu mara nyingi nikiwa na brashi mkononi, na bado sina jibu ambalo lingemfaa alasiri ile.

Mwishowe wazee walituita, mimi na Rashid, uani kwa Mama Galgalo. Ilikuwa asubuhi, mikeka imetandikwa kwenye kivuli cha ukuta, na kwa kuwa hawawezi kumuuliza mtu kabla hajala, walitupa chai ya maziwa ya ngamia na nyirinyiri, zile nyama ndogo zilizokaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli. Nilikula bila kusikia ladha. Yule mzee wa ndevu za hina ndiye aliyeongoza. Mama Galgalo alikaa mlangoni mwa nyumba, Qabale nyuma yake ndani, naona miguu yake tu.

"Binti," mzee akaanza, "huyu mtu wa mwisho. Uso wake ulikuwa namna gani?"

"Mzee, uliniambia nisichore nyuso."

"Nilikukataza kuchora," akasema taratibu. "Sikukukataza kuangalia."

 Nilitafuta. Ninaapa nilitafuta kichwani mwangu kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uliotoboka. Niliona kifundo cha mguu, niliona vidole, niliona waya. Juu ya mabega palikuwa na yai. Nikatazama wale wazee waliokaa mbele yangu, watu niliokuwa nimewachora miezi yote ile, na nikagundua kwamba sura zao ndiyo kwanza nazikuta, kama za watu wa mji mwingine. "Sijui, mzee," nikasema. "Mimi huchora kilichoko. Mtu alikuwa kwenye kiti, ndiyo maana nimemchora. Lakini uso sikuuangalia, na siwezi kusema ni nani, na siwezi kuapa kwamba kulikuwa na mtu."

Rashid akaeleza habari ya kiti kilichopasuka. Akasema mwanamume mzima hawezi kukikalia.

"Galgalo ni mwembamba," akasema mama yake kutoka mlangoni.

Hakuna aliyecheka. Mzee alisema karatasi si shahidi, na hilo kila mtu alilijua tangu mwanzo. Lakini akasema pia kwamba hakuna atakayesimama kumsalia kijana huku mama yake ameketi uani akisema yuko hai. "Tutamngoja mama yake," akasema. Nyuma ya mlango ile miguu ya Qabale ilirudi ndani. Hapo Mama Galgalo akainuka, akaja mpaka kwenye mkeka wangu. "Mwezi huu mnasoma tena?" Nikamwambia kuna mwalimu wa hapa mjini anazindua kitabu chake. "Nitakuja," akasema. "Nitakaa kando ya hiyo kiti na Qabale atakaa upande ingine. Wewe chora kama siku ile. Lakini safari hii angalia."

Nilimwomba Rashid akiondoe kiti. Alikataa. "Nikikiondoa atasema tumemfukuza mtoto wake." Mpaka anakufa nilikuwa nikimuuliza kama alifanya vizuri, naye alikuwa akijibu kwamba siku ile hapakuwa na njia nzuri, palikuwa na njia moja. Tulizeeka na maongezi hayo. Ghala lenyewe sasa ni ofisi yenye vigae na madirisha ya vioo, na watu wanaenda humo kutafuta leseni.

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali, hapakuwa na wingu. Vitabu vilipangwa kwenye meza iliyotandikwa leso, na mwalimu alikuwa amevaa suti mpya, jasho linamtiririka. Watu walikuwa wengi kuliko mwezi wowote. Nadhani nusu yao hawakuja kwa ajili ya kitabu. Walisimama kando ya kuta, wakasimama mlangoni, na pamoja na msongamano wote huo kile kiti kilibaki wazi, hakuna aliyeweka hata mkoba. Mama Galgalo alikuwa kulia kwake, Qabale kushoto. Nilikaa kwenye debe langu. Mwalimu alipofungua ukurasa wa kwanza, harufu ya ngozi iliamka kutoka sakafuni, nzito, kama vile mvua imenyesha usiku kucha. Nilimwona Rashid akiinua kichwa. Mtu mmoja akafunika pua kwa kilemba.

Nilianza na safu ya mbele, na safari hii niliangalia. Ni vigumu kueleza. Baada ya miezi mingi ya mayai, kuona macho, macho mengi namna ile, yote yakiwa yamenielekea mimi wala si msomaji. Niliona meno, niliona mashavu yaliyochoka, niliona kwamba mwenye bodaboda ni mtoto tu. Mistari ilitoka mibaya. Nilienda safu kwa safu, sikuruka mtu, kwa sababu nilijua nikikimbilia nyuma haraka nitakuwa nachora woga wangu. Mwalimu alisoma, watu wakapiga makofi, akasoma tena. Nikafika mwisho.

Nilimwangalia Qabale, uso mzuri, umekaza. Nilimwangalia Mama Galgalo. Alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto juu ya kiti, lakini haukulala kwenye egemeo. Ulikuwa juu kidogo, hewani, mahali ambapo bega la mtu aliyeketi lingekuwa, na haukutikisika. Kisha nikaangalia kiti. Nilikiangalia mpaka machozi yakanitoka. Kilikuwa kiti cha plastiki cha kijani, tupu. Mwanga wa mlangoni ulipita chini yake mpaka sakafuni. Pale kwenye mguu uliopasuka, ile kamba ya katani ya Rashid ilikuwa imekaza kama kamba iliyobeba kitu. Nilichora kiti tupu. Nikachora mkono wa mama ulipokuwa. Nikachora kamba ilivyokuwa. Nikainuka kwenye debe.

Watu walipoanza kutoka na vitabu vyao, baadhi walibaki. Mzee wa ndevu za hina alibaki. Nilipeleka karatasi wino ukiwa haujakauka, nikapiga magoti nikaishika mbele ya Mama Galgalo. Aliitazama bila kuigusa. Rashid alisimama nyuma yangu. Kwenye picha hiyo hakuandika kiputo, wala siku ile wala baadaye.

"Hukumuona," akasema mama.

"Sikumwona, mama."

"Uliangalia?"

"Niliangalia."

"Uliangalia vizuri, intala? Kama mtu anaangalia mtoto yake?"

"Niliangalia vizuri nilivyoweza."

 Uso wake niliuona, na huo sijausahau. Hakukuwa na hasira ndani yake. Alikuwa kama mtu anayesikiliza maneno ya mwingine kabla ya kujibu. Kisha akashusha mkono wake kutoka hewani, polepole, akauweka mapajani, na akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Qabale, binti yangu. Enda ukae eda. Mzee, msalieni."

Qabale alianza kulia. Ilikuwa sauti kubwa, ya mtu aliyebana pumzi tangu ukame, na iligonga mabati ikarudi. Mzee akasema maneno ya dua, wanaume wakainua mikono. Mama Galgalo hakulia. Alisimama, akajifunga shashi yake vizuri, akamnyooshea Qabale mkono waende.

Njia ilikuwa nyembamba pale, kati ya kile kiti na safu iliyo mbele yake. Qabale, aliyekuja kumshika mkono huo, alitangulia kupita moja kwa moja, dera lake likagusa ukingo wa kiti. Mama Galgalo alifika pale akasimama. Akageuka upande, akainua pindo la nguo yake kwa mkono mmoja, akavuta tumbo, akapita kwa hatua ndogo ndogo, jinsi unavyopita mbele ya magoti ya mtu aliyeketi usitake kumkanyaga. Rashid alikusanya viti vyote vingine, kile akakiacha. Mimi nilichukua debe langu na kalamu zangu, na nilipofika hapo nilipita kwa nyuma, nimejibana ukutani.